Delta ya Mto Tana: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu ardhi, maji na hifadhi

Maswali haya hutufikia kwenye mabaraza ya vijiji, kwenye matatu ya Garsen, na kwa simu kutoka kwa jamaa walio Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Nimekaa kwenye mikutano ya matumizi ya ardhi miaka mingi, na mengi nimeyajibu chini ya mwembe kabla ya kuyaandika hapa. Palipo na hoja ya kisheria nimeitaja sheria yenyewe. Penye maoni yangu, utayatambua.

Delta yenyewe iko wapi?

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kama kilomita 1,000. Unaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita nchi kavu ya Garissa na Hola, kisha baada ya Garsen unaachana na ukingo mmoja na kutawanyika: mikono ya mto, maziwa, madimbwi, nyasi, misitu ya kandokando, na mwishoni mikoko. Sehemu kubwa imo Kaunti ya Tana River, na upande wa kaskazini mashariki inapakana na Lamu.

Leo maji mengi ya mto hutokea baharini Kipini kwa kupitia mkondo wa Ozi. Zamani hayakuwa hivyo. Mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi ipite, ndio mto wenyewe ulioamua kuufuata. Watu walichimba njia ya mtumbwi, mto ukahama nayo. Anayekuja na ramani ya kunyoosha au kugeuza maji ya delta, tunamsimulia habari hii kwanza.

Mbona mnaiita ardhioevu? Mimi nilipita Februari nikaona vumbi tupu.

Ulipita kiangazi. Delta ni nchi ya kupokezana. Mvua za masika zikinyesha milimani, maji hufika kwetu kuanzia Aprili hadi Juni. Za vuli huleta mafuriko mengine, kwa kawaida madogo, Novemba na Desemba. Maji yakipanda yanaleta tope lenye rutuba, yanajaza maziwa ya pembeni, na samaki wanaingia kwenye nyasi zilizofunikwa kuzaa. Yakishuka, nyasi mbichi huota mahali ambapo nchi nzima ya nyuma imekauka.

Mpunga wetu wa asili unalimwa kwa kuyasoma maji haya. Mama anapanda mbegu ukingoni mvua zikikaribia, mche unapata nguvu kidogo, halafu maji yanaingia na mpunga unapanda nayo. Yakija polepole, shamba limesalimika. Yakija kwa kishindo usiku mmoja, mche unazama na msimu umekwisha. Siku za maji kupanda utawaona akina mama wamechomeka kijiti penye ukingo wa maji jioni. Alfajiri wanarudi kuangalia kimemezwa kiasi gani. Maji yakishaondoka, ardhi ile yenye unyevu inapandwa mahindi, kunde na pojo bila kungoja mvua.

Kwa hiyo vumbi uliloliona Februari ni shamba lililopumzika, au malisho yaliyokwisha kuliwa. Neno "ardhi isiyotumika" limetuletea balaa nyingi, na karibu kila mara hutamkwa na mtu aliyepita Februari.

Nani wanaishi humo?

Wapokomo, ambao kwa kawaida ni wakulima na wavuvi wa kando ya mto, na lugha yao iko jirani kabisa na Kiswahili. Waorma, wafugaji wa ng'ombe, wanaozunguka na mifugo nchi ya juu mvua zikinyesha na kushuka deltani wakati wa kiangazi. Wawardei, nao wafugaji. Wapo pia Waswahili na Wabajuni upande wa Kipini, Wagiriama, Waluo wavuvi, na wengine waliokuja na kuoa na kuzika humu.

Usiyagawanye mambo sana lakini. Namjua Mpokomo mwenye ng'ombe wengi kuliko majirani zake Waorma, na Waorma wanaolima mahindi si wachache.

Malka ni nini, na kwa nini kila mkutano unaishia hapo?

Malka ni njia ya mifugo kufika mtoni kunywa. Neno ni la Kiorma, ila wote tunalitumia. Mto una mashamba kandokando, na ng'ombe wako nyuma ya mashamba. Bila malka, ng'ombe wanakufa kwa kiu huku wanaona maji, au wanapita katikati ya mahindi ya mtu.

Zamani mambo haya yalipangwa na wazee: Gasa kwa upande wa Wapokomo, Matadeda kwa upande wa Waorma. Walijua malka ipi inafunguliwa lini, na mwenye shamba la pembeni anavuna mwezi gani. Mkulima alipewa nafasi avune, mfugaji akaingia kulisha mabua, na samadi ikabaki shambani. Kila upande ulipata kitu.

Kinachoharibu ni mashamba kusogea hatua mbili kwa mwaka. Nimesimama kwenye malka moja iliyokuwa na upana wa kupisha kundi zima. Kila msimu shamba la huku liliongezwa tuta moja, la kule tuta moja, kisha ua wa miiba, kisha migomba. Siku tuliyoitwa kusuluhisha, mzee mmoja aliinyoosha fimbo yake katikati ya ua mbili na ikagusa miiba kulia na kushoto. Ng'ombe mia mbili walikuwa nyuma yake, hawajanywa siku mbili. Hakuna mtu mmoja pale aliyekuwa ameiba ardhi. Wote walikuwa wameongeza kidogo tu.

Ndiyo maana tunasisitiza malka ziwekewe alama, zipimwe na ziandikwe kwenye mpango wa kijiji. Alama ikiwepo, ugomvi unaanza kwenye tuta la kwanza, na tuta moja linasuluhishika.

Vile vita vya 2012 vilikuwa vya ukabila?

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa deltani, wakiwemo wanawake na watoto waliochomewa majumbani. Kati ya waliozikwa kuna niliowajua, na swali hili silijibu kwa wepesi.

Waliouana walikuwa wa jamii tofauti, hilo ni kweli. Lakini ukiuliza ugomvi ulianzia wapi, utaambiwa ng'ombe walioingia shambani, ng'ombe waliokatwa mapanga kwa kulipiza, njia ya maji iliyofungwa. Ulikuwa pia mwaka wa kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, watu wana silaha, na maeneo makubwa ya delta yalikuwa yameahidiwa miradi, hivyo kila jamii iliogopa kwamba itabaki bila mahali. Malisho na mashamba yakibanwa kwa pamoja, watu waliokuwa wakipokezana wanaanza kugombania. Baada ya pale mipango ya ardhi haikuwa tena kazi ya maafisa peke yao. Wazee wenyewe waliitaka.

Kutangazwa kuwa eneo la Ramsar maana yake serikali imechukua ardhi yetu?

Hapana. Ramsar ni mji wa Iran ambako mkataba wa kimataifa wa ardhioevu ulitiwa saini mwaka 1971. Kenya iliingia mwaka 1990 kwa kuliorodhesha Ziwa Nakuru. Delta ya Tana iliorodheshwa Septemba 2012, hekta 163,600, ikawa ya sita nchini baada ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita.

Kuorodheshwa hakubadilishi mwenye ardhi, hakukatazi kulima wala kuvua wala kulisha. Mkataba unadai matumizi ya busara, yaani tumia bila kuharibu kile kinachoifanya nchi iwe oevu. Wajibu ni wa serikali kwanza.

Hofu ya wananchi naielewa. Tangazo lilitoka wiki zilezile watu walikuwa wakizika, na wengi walilisikia kama uvumi. Kisha kuna kumbukumbu ya juu ya mto: hifadhi ya nyani na mbega ilitangazwa mwaka 1976, na wakazi walilalamika miaka mingi kwamba hawakushirikishwa, hadi wakaenda mahakamani. Neno "hifadhi" deltani lina historia. Anayelitumia barazani aanze kwa kueleza nani anabaki na ardhi.

Mpango wa matumizi ya ardhi ulitoka wapi na unasema nini?

Februari 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, iliamuru taasisi za serikali ziandae mipango ya matumizi ya ardhi na maji kwa kuwashirikisha wananchi. Kazi ilikuwa imeshaanza; hukumu iliipa meno. Mwaka 2015 mpango ukazinduliwa, pamoja na tathmini ya kimkakati ya mazingira.

Uliweka mezani njia kadhaa, mojawapo ikiwa kuigeuza delta mashamba makubwa ya biashara, na ukaangalia kila njia inahitaji maji kiasi gani na inamwacha nani nje. Njia iliyochaguliwa ni ya mchanganyiko: kilimo kandokando ya mto, malisho ya kiangazi kwenye tambarare zinazofurika, njia za mifugo, uvuvi, misitu na maeneo ya ndege na wanyama chini ya usimamizi wa jamii, na nafasi ya biashara isiyokausha hayo mengine. Mchana wenyewe wa kuchora mipaka ya kijiji ndio unaofundisha. Unatandika karatasi chini, mzee anaweka kokoto penye ziwa lililokauka miaka kumi iliyopita, na kijana anagundua kwamba shamba lake liko ndani ya ziwa.

Udhaifu wake? Utekelezaji. Mpango mzuri ambao naibu wa chifu hana nakala yake hausaidii kitu siku ng'ombe wameingia shambani. Kama kijiji chenu hamjauona, uombeni kwa maandishi ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti. Ni haki yenu kikatiba, Kifungu cha 35.

Miradi ile ya miwa na mafuta ya mimea ilifia wapi?

Mwaka 2008 mradi wa miwa wa karibu hekta 20,000 ulipata kibali cha mazingira, ukapingwa mahakamani na wakazi pamoja na watu wa mazingira. Kampuni ya Kanada nayo ilikuja kutaka maelfu ya hekta za mbono kaburi kwa mafuta. Hakuna kilichosimama kama kilivyotangazwa.

Kabla ya hapo serikali kupitia TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilijenga skimu ya mpunga deltani. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalibomoa matuta na mitambo, na ardhi ikakaa miaka. Wakati huohuo mpunga wa akina mama wa kando ya maziwa ulirudi msimu uliofuata, kwa kuwa haukutegemea tuta la zege.

Sipingi uwekezaji. Maembe ya Tana yanaozea chini ya miti kila msimu kwa kukosa barabara na kiwanda cha karibu. Anayetaka kuwekeza, na aanzie hapo, hahitaji hata ekari moja ya malisho.

Kuna mabwawa mengi juu ya mto. Basi mbona bado mnafurika?

Mabwawa makubwa ya umeme ni matano, yaliyojengwa kati ya 1968 na 1988: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, la 1981, ndilo ghala kubwa la maji.

Bwawa huhifadhi maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo kwa ajili ya umeme. Kwetu maana yake ni kwamba mafuriko ya kawaida, yale ya kunywesha mashamba na kuleta tope, yamepungua. Tope lenyewe linabaki ndani ya bwawa. Lakini mvua zikizidi, mabwawa yanajaa na maji yanamwagika yote kwa pamoja, kama Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, vijiji vikahama. Tumenyimwa mafuriko madogo tunayoyataka, na makubwa tusiyoyataka yamebaki.

Wataalamu wanaweza kupanga kuachia maji kwa msimu, kiasi cha kufurisha tambarare bila kubomoa nyumba. Kwa maoni yangu hili ndilo dai kuu la delta, kuliko uzio wowote. Na kila bwawa jipya linalopendekezwa juu ya mto, swali letu la kwanza liwe: Aprili mtatuachia nini?

Ni kweli bahari inapanda mtoni?

Ni kweli. Mto ukiwa na nguvu husukuma maji chumvi nje. Ukipungua, bahari inaingia. Vijiji vya chini, Ozi na Kilelengwani, vimepoteza mashamba ya mpunga kwa chumvi. Kiangazi kimoja nilikaribishwa chai nyumba moja huko chini, na mwenyeji akaniomba radhi kabla sijaonja. Sukari alikuwa ametia ya kutosha. Chumvi ilikuwa kwenye maji yenyewe. Nje ya nyumba palikuwa na minazi mitatu imenyauka kuanzia juu.

Mikoko husaidia kuzuia ukingo usiliwe na mawimbi, na ni nyumba ya kamba na kaa. Ila mikoko haigeuzi maji kuwa matamu. Dawa ya chumvi iko juu ya mto.

Mamba amemshika mtu. Kiboko amemaliza mahindi. Kuna fidia?

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mamba na kiboko wamo. Mazao yaliyoharibiwa na wanyama waliotajwa nayo yanafidiwa baada ya tathmini.

Ripoti mapema kituo cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na polisi, jaza fomu, piga picha shamba kabla ya kulima upya, na kwa mazao mwite afisa wa kilimo aandike makadirio. Weka nakala ya kila karatasi. Malipo huchelewa, wakati mwingine kwa miaka, na familia nyingi hukata tamaa kwa sababu karatasi moja ilipotea. Mtoto kuchota maji mtoni jioni ni hatari ambayo fidia haiifuti. Kisima au uzio wa kuchotea maji kijijini unaokoa zaidi.

Mbega na nyani wa Tana wana umuhimu gani kwangu mimi mkulima?

Mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana hawapatikani popote duniani ila kwenye misitu ya kandokando ya mto huu wa chini. Wakiisha hapa wameisha. Kwangu hiyo inatosha.

Lakini msitu wanaokaa ndio unaoshika ukingo wako usibomoke, ndio unaotoa kuti la nyumba, mti wa mtumbwi, dawa na asali. Mto Tana hutembea. Ukikata miti ya ukingo, utahama na shamba lako.

Mathenge imevamia malisho. Tuing'oe?

Mathenge, ule mti wa miiba uliotoka ng'ambo, ing'oeni ikiwa changa, na mizizi yake. Ukiikata tu inachipua maradufu. Mbegu husambazwa na mbuzi wanaokula maganda yake matamu, kwa hiyo malka zikiwa na mathenge pembeni, safisheni hizo kwanza. Iliyokomaa ni kuni na makaa mazuri.

Mwekezaji amekuja kijijini na mkataba. Tufanye nini?

Msitie saini siku hiyo.

Ulizeni kwanza ardhi ni ya nani kisheria, maana delta ina mchanganyiko: kuna iliyo na hati kwa jina la taasisi ya serikali, kuna ranchi, na kuna kubwa zaidi ambayo ni ya jamii. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu. Si mali ya kaunti kuuza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawaruhusu kuisajili kwa jina lenu, kwa kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15 kwenye mkutano wa jamii. Mkataba wa uwekezaji katika ardhi iliyosajiliwa unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima mkutanoni. Wazee watatu walioitwa hotelini Malindi hawatoshi.

Nilipokuwa kijana niliona karatasi za posho ya mkutano zikitumiwa baadaye kama ushahidi kwamba kijiji kilikubali mradi. Tangu siku hiyo sisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari, na nawaomba nanyi msisaini.

Kibali cha mazingira kikitolewa na hamridhiki, rufaa inapelekwa kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Zihesabuni.

Naishi mbali. Baba aliacha shamba kando ya mto. Linalindwa vipi?

Njoo wakati wa usajili, au mpe ndugu barua ya kukuwakilisha. Uliza majirani mpaka uko wapi sasa, maana mto unaweza kuwa umekula upande mmoja na kuongeza mwingine, na mila ina utaratibu wake wa ardhi iliyoletwa na mto. Gasa wataueleza vizuri kuliko mimi.

Ukija, uliza pia kama shamba hilo linapakana na malka. Kama linapakana, tembea nayo hadi mtoni pamoja na mfugaji wa jirani, mkubaliane mpaka mbele ya mashahidi, na mpande mstari wa miti isiyohamishika. Chagueni mwembe. Ng'ombe watapumzika chini yake wakitoka kunywa.